Lenzi za Zamani na Filta Msituni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Napiga picha za viumbe wadogo, majani na maji, hasa katika msitu wa Amani, Usambara Mashariki, na katika mikoko ya pwani ya Tanga. Lenzi ninazozitumia zaidi zimenizidi umri. Maswali haya nimeulizwa njiani, kwa mafundi, kwenye simu, na mara nyingi na vijana wanaonikuta nimepiga magoti mbele ya jani moja kwa nusu saa. Nimeyajibu kwa yale niliyoyajaribu kwa mikono yangu.

Kwa nini uhangaike na lenzi ya miaka hamsini wakati kamera za leo zinatoa picha safi?

Baba yangu mdogo alisoma Odessa enzi za Muungano wa Kisovieti, akarudi na kamera ya Zenit-E yenye lenzi ya Helios 44-2. Kamera ilikufa shata, ule mlango unaopitisha mwanga. Lenzi ikabaki kwenye droo, pamoja na misumari na funguo ambazo kufuli zake zilishapotea. Nilipoifunga kwa mara ya kwanza kwenye kamera ya dijitali nilimpiga kinyonga juu ya tawi la mdalasini, njiani kupanda Amani. Jicho lake lilitoka kali, mwili ukayeyuka polepole kuelekea mkiani, na mianya ya mwanga kati ya majani nyuma yake ilizunguka kama maji unapoyakoroga kwenye beseni. Sikuwa nimewahi kupata picha ya namna ile kutoka kwenye lenzi yangu mpya, ambayo ilikuwa imesahihishwa kila kasoro.

Programu ya kompyuta inaweza kuiga hali hiyo, lakini inakisia. Haijui jani lipi lilikuwa mbele na lipi nyuma. Lenzi inajua, kwa sababu mwanga wenyewe ulipita humo, na wewe unayaona matokeo kabla hujabonyeza. Huo ndio msimamo wangu katika majibu yote yanayofuata: kazi ya kioo ifanyike kwenye kioo.

Sababu ya pili ni mwendo. Lenzi isiyojifokasi yenyewe inakulazimisha usogee taratibu, utulie, umtazame kiumbe kwa muda. Msituni hilo peke yake hubadilisha picha.

Lenzi ya zamani itaingia kwenye kamera yangu?

Jibu liko kwenye umbali mmoja: kutoka kitako cha lenzi hadi kwenye kihisi, kile kibao cha ndani kinachopokea picha. Kila aina ya kamera ina umbali wake. Lenzi za skrubu ya M42, ambazo ni pamoja na Helios, Takumar nyingi za Pentax na lenzi za Praktica za zamani, zinahitaji milimita 45.46. Kamera za kisasa zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) zina umbali mfupi sana: Sony E milimita 18, Nikon Z 16, Canon RF 20, Fuji X 17.7. Tofauti inayobaki inajazwa na adapta, ambayo ni bomba tupu la chuma lisilo na kioo chochote. Kwa Sony na M42, bomba hilo lina urefu wa milimita 27.46. Kwa hiyo mwenye kamera ya aina hii anaweza kufunga karibu lenzi yoyote ya zamani ya kamera za filamu.

Mwenye DSLR, kamera ya dijitali yenye kioo cha kuakisi ndani, anapaswa kuchagua. Canon EF ina milimita 44, kwa hiyo M42 inakaa vizuri kwa adapta nyembamba. Nikon F ina milimita 46.5, zaidi ya zile M42 inazohitaji. Ukiifunga, vitu vya mbali vitabaki na ukungu daima, labda uweke adapta yenye kioo ndani, na kioo hicho kwa kawaida hushusha ubora. Lakini ukipiga wadudu na maua tu, upungufu huo haukuhusu. Lenzi za Canon FD zenyewe zinahitaji milimita 42, ndiyo maana hazikai vizuri kwenye Canon EF ingawa jina ni lilelile. Wengi wameumia hapo: wamenunua kwanza, wakapima baadaye.

Nimefunga lenzi, kamera inakataa kupiga. Imeharibika?

Hapana. Kamera inadhani haina lenzi. Ingia kwenye menyu, tafuta kipengele kinachoruhusu kupiga bila lenzi, kiwashe. Kama kamera yako ina kituliza mtikisiko ndani ya mwili wake, iandikie pia urefu wa fokasi, ile namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi, mfano 58, la sivyo itatuliza kwa hesabu isiyo sahihi.

Nianze na lenzi ipi?

Helios 44-2, milimita 58, f/2. Namba ya f ni kipimo cha tundu linalopitisha mwanga: ikiwa ndogo, tundu ni pana. Zenit-E iliyokuja nayo ilianza kutengenezwa mwaka 1965 na ikatolewa kwa mamilioni, kwa hiyo lenzi bado zipo nyingi na haziuzwi kwa bei ya kutisha. Ramani yake inatokana na Biotar ya Carl Zeiss, lenzi ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Inafokasi hadi nusu mita, na mdomo wake unachukua filta za milimita 49.

Ukiwa Unguja, uliza kwa wazee. Zanzibar ilikuwa na uhusiano wa karibu na Ujerumani Mashariki kuanzia 1964, na mimi mwenyewe nimewahi kuonyeshwa Praktica, kamera ya huko, ikiwa kabatini, imefungwa kwenye khanga, na lenzi yake safi kabisa. Lenzi za Pentacon na Carl Zeiss Jena za kamera hizo ni M42 vilevile.

Kwa anayependa wadudu kuliko mandhari, Micro-Nikkor ya milimita 55 ni chombo cha heshima. Haina maajabu ya mandharinyuma. Inachora mguu wa panzi unywele kwa unywele.

Ule mzunguko wa mandharinyuma wa Helios unapatikanaje? Wangu hautokei.

Swali hili naulizwa kuliko yote, na kosa karibu kila mara ni lilelile: nyuma ya kiumbe kuna ukuta wa kijani usio na matobo.

Tuelewe kwanza chanzo chake. Tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, mwanga unaofika katikati ya picha hupita kwenye duara kamili. Unaofika pembeni hupita kwa mshazari, na kingo za lenzi hulikata lile duara likawa na umbo la ndimu. Kila ndimu hulala kuzingira kitovu cha picha. Ongeza kasoro za pembeni ambazo wasanifu wa zama zile hawakuzimaliza, na jicho linaona kitu kinazunguka. Maana yake unahitaji nukta nyingi za mwanga pembeni mwa picha, na unahitaji tundu la f/2. Ukifunga hadi f/4 mzunguko unafifia, ukifika f/5.6 umekwisha.

Mimi humweka kiumbe mita moja hadi moja na nusu kutoka kwangu, karibu na katikati, na huhakikisha majani ya nyuma yako mita nne, tano au zaidi, na anga inapenya kati yake. Majani madogo ni bora kuliko makubwa. Jani la mgomba halitakupa chochote. Mkwaju utakupa kila kitu. Saa mbili asubuhi, jua likiwa nyuma ya miti, ndio wakati wake. Jua likigonga kioo cha mbele, picha nzima hupauka, kwani lenzi hizi zina tabaka jembamba la kuzuia mng'ao kuliko za leo. Kivulishe kioo kwa kiganja chako. Mara nyingine, hata hivyo, mpauko huo ndio picha yenyewe, hasa asubuhi ya ukungu. Piga zote mbili.

Jambo la mwisho: kama kihisi chako ni kidogo kuliko milimita 36 kwa 24, kinakata pembe za picha, na pembeni ndiko mzunguko unakoishi. Utaupata, ila mdogo.

Wapo wanaotaka mapovu badala ya mzunguko, yale maduara yenye ukingo unaong'aa. Hiyo ni kazi ya Trioplan ya milimita 100 ya Meyer-Optik Görlitz, lenzi ya vioo vitatu tu. Bei yake imepanda mno. Lenzi nyingine za zamani za vioo vitatu, hata zilizong'olewa kwenye projekta za slaidi, hutoa kitu cha karibu sana na hicho kwa bei ndogo.

Nitafokasi vipi kwa mkono wakati mdudu hatulii?

Usimfukuze kwa pete ya fokasi. Weka pete kwenye umbali unaoutaka, kisha sogeza mwili wako mbele na nyuma, kidogo kama mtu anayepumua, na ubonyeze jicho linapokuwa kali. Washa ule msaada wa kamera unaotia rangi kwenye kingo zilizo kali, lakini usiuamini kwa f/2. Kuza picha kwenye skrini na uangalie jicho.

Ukitaka kusogea zaidi, nunua pete za kurefusha, zile tupu zinazokaa kati ya lenzi na kamera. Hesabu yake ni nyepesi: pete ya milimita 25 nyuma ya lenzi ya milimita 50 hukupa nusu ya ukubwa halisi wa mdudu kwenye kihisi, pete ya milimita 50 hukupa ukubwa wake kamili. Gharama yake ni mwanga. Kwenye ukubwa kamili unapoteza takriban robo tatu ya mwanga uliokuwa nao.

Na tafadhali, tawi lisitikiswe ili kinyonga ageuke. Usambara Mashariki ina kinyonga wake mwenye pembe mbili ambaye haishi kwingine, na akianza kuwa mweusi na kujibana, ameshaogopa. Rudi nyuma. Lenzi fupi inakuleta karibu mno na mnyama, na kwa ukaribu huo wewe ndiye unayewajibika.

Nikague nini kabla ya kununua lenzi ya mtumba?

Fungua tundu lote, washa tochi ya simu, imulike kwa mshazari kutoka nyuma na utazame kutoka mbele. Vumbi kidogo halina neno, kila lenzi ya umri huo inalo. Unatafuta vitu vinne: nyuzi kama utando wa buibui, ambazo ni kuvu, wingu jepesi lililotanda sawasawa, ambalo mara nyingi ni mvuke wa grisi na fundi hulifuta, mng'ao wa rangi za upinde wa mvua kuanzia ukingoni, dalili kwamba gundi inayoshikilia vioo viwili imeachia, na hiyo ni kazi ngumu, na mafuta kwenye majani ya tundu. Zungusha pete ya tundu mara kumi. Kwenye lenzi ambazo kamera huzifunga tundu kwa chemchemi, mafuta huchelewesha majani na picha huja nyeupe. Kwenye Helios 44-2, ambayo unaifunga mwenyewe kwa pete, mafuta kidogo hayana madhara.

Mkwaruzo mwembamba kioo cha mbele usikutishe. Wa kioo cha nyuma ukutishe.

Naishi pwani. Kuvu inamaliza lenzi zangu. Nifanye nini?

Nakuelewa. Nimepoteza lenzi mbili kwa njia hiyo, moja ikiwa ya marehemu babu, na bado inaniuma.

Mbegu za kuvu ziko hewani kila mahali, huwezi kuzikimbia. Unachoweza kuzinyima ni unyevu. Lenga unyevu wa asilimia 40 hadi 50 mahali zinapolala lenzi. Tanga, Mombasa au Unguja chumba cha kawaida huwa juu sana ya hapo kwa miezi. Kabati la umeme la kukausha ni zuri kama unaweza. Mimi natumia kontena la plastiki la jikoni lenye mfuniko wa kubana, kipima unyevu kidogo ndani, na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye masanduku ya viatu. Vikishiba maji havifai tena. Nunua chembechembe za kubadilika rangi kwa kilo, uzikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa mbili hivi, zitarudi kazini. Mchele usiutumie, unaacha vumbi na haufyonzi kiasi cha maana.

Ile mikoba ya ngozi iliyokuja na lenzi ni mizuri kwa macho. Iweke ukutani. Ngozi hushika unyevu na ndiyo nyumba ya kuvu.

Ukiiona kuvu mapema, mpelekee fundi haraka. Ikikaa, hula lile tabaka la juu ya kioo, na alama hiyo haifutiki hata kuvu ikiondolewa.

Lenzi yangu imegeuka njano, na nimeambiwa ina mionzi. Niitupe?

Usiitupe. Baadhi ya lenzi za miaka ya 1960 na 1970, matoleo ya Takumar ya milimita 50 f/1.4 yakiwa maarufu zaidi, zilichanganywa thoriamu kwenye kioo ili kipinde mwanga zaidi bila kutawanya rangi. Thoriamu ina mionzi kidogo, na kwa miaka mionzi hiyo hukipaka kioo rangi ya chai. Kuitumia kwenye kamera hakuna hatari kubwa. Usiisage, usivunje kioo chake, usiigeuze kuwa kioo cha kutazamia kwa jicho, na usiifanye pambo la kando ya mto wa kulalia.

Njano yenyewe hufutwa na mwanga wa urujuanimno. Jua letu linatosha: siku kadhaa hadi wiki chache, karatasi ya foili ikiwa upande wa chini ya lenzi. Lakini lenzi juani ni kiberiti. Kaa nayo, mbali na pazia, au tumia taa ndogo ya urujuanimno na uwe na amani. Nami ningekuuliza pia kama unataka kweli kuifuta. Njano ile hupendeza kwenye majani makavu ya kiangazi.

Filta ya kwanza iwe ipi?

Polaraiza, bila kusita. Athari za filta nyingi unaweza kuzikaribia baadaye kwenye kompyuta. Hii huwezi, kwa sababu inachagua mwanga kabla haujafika kwenye kihisi, na mwanga uliokwisha kuchanganyika hautenganishwi tena.

Wengi wanaijua kwa kukoza bluu ya anga. Msituni kazi yake kubwa ni nyingine. Jani lililolowa limefunikwa na weupe wa anga unaoakisiwa juu yake, na weupe huo ndio unaoficha kijani. Zungusha pete ya filta polepole ukilitazama jani: weupe unachanika, kijani kinapanda kutoka ndani. Usifike mwisho. Jani lisilo na mng'ao hata kidogo linafanana na karatasi, limekauka ingawa mvua inanyesha. Mimi husimama robo tatu ya njia.

Kwenye maji, pembe ndiyo inayoamua. Mng'ao wa maji tulivu hufutika zaidi ukiyatazama kwa takriban nyuzi 37 kutoka usawa wake. Ukiinamia kidimbwi kutoka juu kabisa, filta haina la kufanya. Maji yakitoka, chuchumaa mbali kidogo na vidimbwi vya miambani, na utaona kaa na mashuke ya mwani kana kwamba maji hayapo.

Sasa anga, na hapa mafundisho mengi tunayosoma yameandikiwa nchi ambazo jua halipandi juu. Anga hukolea zaidi kwenye ukanda ulio nyuzi 90 kutoka kwa jua. Elekeza kidole cha shahada kwa jua, nyoosha gumba, kisha zungusha mkono: kila gumba linapoelekea ndipo ukanda ulipo. Saa moja asubuhi ukanda huo unapita utosini kutoka kaskazini hadi kusini, kwa hiyo piga jua likiwa begani mwako. Lenzi pana mno itaonyesha doa jeusi katikati ya anga, na doa hilo ni baya. Saa sita mchana mambo ni tofauti. Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua hupita karibu utosini kabisa. Siku hizo adhuhuri ukanda unalala kuzunguka upeo wote wa macho. Geukia utakako, anga iliyo juu ya vilima itakolea sawasawa.

Polaraiza hula mwanga. Mahali ulipopiga kwa 1/60 ya sekunde utahitaji 1/30 au hata 1/15, na ndani ya msitu mzito hilo ni suala la stendi ya miguu mitatu.

Nimepata polaraiza kuukuu ya aina ya zamani (linear), si ile ya kisasa (circular). Inafaa?

Kwenye kamera isiyo na kioo cha ndani, ndiyo. Kwenye DSLR inaweza kuidanganya kamera ipime mwanga vibaya. Angalia tu kama haijafifia kwa uzee: ikiwa ukiizungusha mbele ya skrini ya kompyuta hakuna pembe inayotia giza totoro, imechoka.

Filta za rangi, njano, chungwa na nyekundu, bado zina kazi?

Kwa filamu ya nyeusi na nyeupe, kazi kubwa sana. Njano huipa anga uzito kidogo, chungwa zaidi, nyekundu huifanya kama ya dhoruba. Nyekundu hudai mwanga mara nane hivi. Kwa dijitali siwezi kukuambia ununue. Kihisi cha kawaida kina nukta za kijani, nyekundu na bluu, na ukifunga filta nyekundu unaiacha robo yake tu ikifanya kazi. Piga rangi, ugeuze baadaye. Ukiwa nazo tayari, zishike mbele ya jicho ukitembea. Zinafundisha jicho kuona nini kitakuwa cheusi.

Nawezaje kupata picha za infraredi, zile za miti myeupe?

Hapa ndipo lenzi ya zamani na filta vinapokutana kweli.

Majani mabichi huakisi sana mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni. Ukiuzuia mwanga wa kawaida na kuruhusu huo tu, msitu unageuka mweupe na anga inakuwa nyeusi. Mwanafizikia wa Marekani Robert Wood alichapisha picha za namna hii mwaka 1910. Filta inayotumika zaidi leo huanzia nanomita 720, kama Hoya R72. Ukiitazama kwa macho ni nyeusi tii.

Kamera za dijitali zina kioo cha kuzuia infraredi mbele ya kihisi, lakini si zote zinazuia kwa ukali sawa. Jaribu kwa rimoti ya televisheni: ielekeze kwenye lenzi, bonyeza, tazama skrini. Ukiona nukta inawaka, una matumaini. Baada ya hapo stendi ni lazima, kwani juani kabisa utafungua shata kwa sekunde kadhaa hadi nusu dakika. Panga picha na ufokasi kwanza, ndipo ufunge filta.

Na fokasi ndiyo siri. Infraredi haikutani mahali pamoja na mwanga wa kawaida. Picha uliyofokasi kwa macho itatoka laini. Lenzi nyingi za zamani zina nukta nyekundu au herufi R kando ya alama ya fokasi. Watu huuliza ile ni ya nini. Ni ya kazi hii hii: fokasi, soma umbali, kisha sogeza umbali huo hadi kwenye nukta nyekundu. Lenzi nyingi mpya hazina hata namba za umbali. Baadhi ya lenzi, za zamani na mpya, huweka doa jeupe katikati ya picha ya infraredi, hasa ukifunga sana tundu. Jaribu kila moja kwa f/5.6 na f/11 ujue tabia yake.

Rekebisha weupe wa kamera (white balance) kwa kupiga majani mabichi yenyewe, la sivyo kila kitu kitakuwa chekundu. Na saa nzuri ya infraredi ni saa sita mchana, jua kali, mawingu machache meupe. Saa ambayo sisi wa tropiki huwa tunaweka kamera chini, tukisubiri jioni, ndiyo saa ya mikoko kung'aa. Mbuyu wakati wa mvua, ukiwa na majani yake yote, ni kitu ambacho nimekipiga mara nyingi na sijatosheka nacho.

Maji laini kama hariri: nahitaji filta ya giza ya gharama?

Filta ya giza ya ND64, inayopunguza mwanga mara 64, hugeuza 1/60 ya sekunde kuwa karibu sekunde moja, na kwa Mto Zigi hiyo ndiyo ninayoipenda, maji bado yana nyuzi zake. ND1000 hukupa sekunde 16 hivi, na maji yanakuwa moshi. Epuka zile za kuzungusha za bei rahisi. Zikifika mwisho huchora msalaba wa giza.

Ukitaka kujaribu kabla ya kununua, mwombe fundi wa kuchomelea kipande cha kile kioo cha barakoa yake. Kifunge mbele ya lenzi kwa mpira. Ni cheusi sana na kinatia kijani kibaya, kwa hiyo geuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Nimepata hivyo picha za kupwa na kujaa kwa maji kwenye mikoko ambazo zinaning'inia ukutani kwangu hadi leo.

Kila lenzi yangu ina mdomo wa ukubwa tofauti. Ninunue filta ngapi?

Moja ya kila aina, ya milimita 67 au 77, na pete za kuongeza kipenyo kutoka 49, 52, 55. Pete ni za bei ndogo. Filta ikikwama, kata ukanda wa tyubu ya baiskeli, uzungushie, kisha zungusha bila kubana kwa nguvu. Ukibana sana duara linapinda na kukwama zaidi.

Na filta ya UV, ile angavu ya kuzuia urujuanimno? Iwe imefungwa muda wote?

Ufukweni chumvi ikiruka, ndiyo. Kwingine iondoe, hasa kwenye lenzi za zamani ambazo mng'ao wake tayari ni mwingi. Lakini usitupe zilizokwaruzika. Paka mafuta ya Vaseline kidogo kwenye ukingo wa moja, uache katikati pakavu, upige maua ya zambarau ya Usambara asubuhi. Au kaza kipande cha soksi nyeusi ya nailoni mbele ya lenzi kwa pete: taa na matone hupata utando wa mwanga. Vaseline isiguse lenzi yenyewe kamwe.

Ndege je? Kuna lenzi ndefu ya zamani isiyofilisi?

Lenzi za vioo vya kuakisi, milimita 500 f/8, zilitengenezwa na kampuni nyingi, ni fupi na nyepesi. Tundu halibadiliki, na nukta za mwanga za nyuma hugeuka vipete. Msituni ni giza mno kwake, hondohondo hutampata. Kwenye fukwe, ndege wa matopeni wakiwa dhidi ya maji yanayometa, vipete hivyo vinajaa picha nzima na mimi navipenda. Shata isishuke chini ya 1/500. Tukilalamika uzito wa mfuko, tukumbuke kwamba Carl Georg Schillings, Mjerumani aliyechapisha mwaka 1905 picha za wanyama pori wa nchi hii, alifanya kazi kwa sahani za kioo na unga wa kulipua mwanga, na mzigo wote ulikwenda vichwani na mabegani mwa wapagazi.

Nimeshapiga picha mia mbili na sikumbuki ipi nilipiga kwa tundu lipi.

Kamera haiwezi kukuandikia, kwa kuwa haizungumzi na lenzi hizi. Nunua daftari dogo la shule na kalamu ya risasi. Wino hutawanyika mvua ikinyesha. Andika lenzi, tundu, filta, saa na mahali jua lilipokuwa. Kama mikono imelowa, piga picha ya pete ya tundu kwa simu kila unapobadilisha, au itaje kwa sauti kwenye video fupi. Daftari langu la kwanza lina ukurasa wa Amani ulioandikwa tu: Helios, f/2, saa mbili kasoro robo, jua nyuma ya mkwaju, kinyonga hajaogopa.